Mwalimu Aliyenisitiri

Hata waliomzidi umri walimwita Mwalimu. Muuza mboga wa Mawaleh, pale Maskati, Mhindi aliyejua Kiswahili cha maneno kumi na yote kumi kayapata kwake, alimwita Mwalimu. Askari aliyemfelisha mtihani wa gari mara nne alimwita Mwalimu mara ya tano, akampa leseni, nadhani kwa kuchoka. Jina lake nalijua, lakini sitalitaja. Sioni kama nna haki nalo.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alitembea upesi kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Hina haikumtoka vidoleni, na chaki haikumtoka kwenye mkono wa kulia wa baibui, kwa hiyo ukimwona sokoni anabonyeza maembe ulijua ametoka darasani muda si mrefu. Hakuwa na subira na watu wazima. Mama akichelewa kumchukua mtoto alisemeshwa pale pale getini, mbele ya watu, na nimemwona mmoja akiondoka analia. Kwa watoto alikuwa mtu mwengine kabisa. Mtoto aliyekoroga sentensi hakukaripiwa. Mwalimu alimwinamia, akaweka mkono nyuma ya sikio na kusema, "Sema tena, mara hii tukusikie."

Katikati ya miaka ya tisini alikodi nyumba nyuma ya soko kuu la matunda na mboga, akafungua skuli ya watoto wa miaka minne hadi saba. Kwenye karatasi za ruhusa iliitwa raudha, kama skuli nyengine yoyote ya watoto wadogo. Sisi tuliiita skuli ya Kiswahili. Tofauti yake ilianzia getini: ukishavuka, unasema Kiswahili, uwe mtoto, mzazi au fundi wa viyoyozi. Mkaguzi peke yake ndiye aliyesamehewa.

Wengi wetu tuliompelekea watoto tuliletwa Oman wadogo kutoka Unguja na Pemba, au tulizaliwa na walioletwa. Nyumbani tulizungumza Kiswahili na wazee, Kiarabu na watoto, na kwa muda mrefu hatukuona tatizo. Halafu siku moja unamkuta mama yako amekaa kitako na mjukuu wake, wanatazamana, wanacheka, na hakuna anayemwambia mwenzake kitu. Mimi niliona hivyo kwangu, nyumbani kwetu Sib, binti yangu Zuwena akiwa na miaka minne. Wiki ile ile nikampeleka kwa Mwalimu.

Kila Jumamosi, siku ya kwanza ya wiki, mtoto alitakiwa aje na neno alilolichukua kwa bibi au babu yake, na liwe neno ambalo Mwalimu mwenyewe halijui. Zuwena alikwenda na "susu". Mama yangu alikuwa amemweleza jioni nzima, kwa mikono zaidi kuliko maneno, juu ya kile kikapu cha kamba kinachotundikwa darini kuwekea chakula kisifikiwe na paka. Mwalimu akashika kichwa. Susu? Ndiyo kitu gani hicho? Akamfanya Zuwena achore ubaoni na kuwaeleza wenzake, na yeye akaandika kwenye daftari lake kama mwanafunzi. Miezi ikapita ndipo nikajua kwamba alikulia nyumba yenye susu tatu. Alikuwa mwongo wa namna hiyo, na hakujuta hata kidogo.

Tena alikuwa mwingi wa vigeugeu. Huyu aliyetukataza Kiarabu getini hakukosa hata siku moja mchezo wa Kimisri kwenye televisheni saa kumi na moja, na ole wake aliyepiga hodi saa hiyo. Alilia kwa ajili ya wachumba wa Kairo kuliko alivyowahi kulia kwa mambo yake mwenyewe. Alidharau Kiswahili cha bara, lakini msaidizi aliyemwajiri na kumpenda kuliko jamaa zake alikuwa msichana wa Kikenya, Akinyi, aliyekuja Maskati kufanya kazi za ndani na kukimbia nyumba mbili kabla ya kufika kwake. Akinyi aliwaita watoto, "Kujeni hapa!" na sauti ya Mwalimu ikatoka chumba cha pili, "Njooni, Akinyi! Kujeni ni nini?" Mchezo huo ulikwenda miaka minne. Na sikukuu ya Krismasi ikifika, Mwalimu, mwenye alama ya sijida usoni, alimpikia Akinyi biriani na kumkataza kushika hata kijiko.

Jambo moja watu wa nje hawakulijua, nami nalitaja hapa kwa sababu ndilo litakalonihukumu. Skuli ile ya Kiswahili iliwafundisha watoto herufi za Kiarabu kabla ya za Kizungu. Mwalimu alisema hivyo ndivyo wazee wake walivyoandikiana barua, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, na hakuona sababu ya watoto wetu kuanza kwengine. Zuwena alipofika miaka mitano aliandika jina lake kwa Kiarabu, zay na waw na ya na nun na ha, akalibandika kwenye mlango wa friji. Aliandika vizuri kuliko binamu zake waliosoma skuli za Kiarabu tupu.

Sasa nieleze yangu.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, Maskati yenyewe, kule ndani ya mji mkongwe. Nilikaa dirishani, napokea maombi, nagonga muhuri. Wenzangu walikuwa Waarabu wa huku huku, na nilikuwa nimejitahidi miaka mingi mpaka Kiarabu changu kikawa hakina alama ya nilikotoka. Siku moja asubuhi tulikuwa tunacheka jambo, Mwalimu akaingia. Akaja moja kwa moja dirishani, akaegemea, na kwa sauti yake ya darasani akasema, "Hujambo, mwanangu? Zuwena kikohozi kimepungua?"

Ofisi nzima ikageuka. Nikamjibu kwa Kiarabu, "Tafadhali mama, chukua namba ukae."

Alinitazama kidogo tu, muda wa kupepesa jicho. Akachukua namba, akakaa kwenye viti vya plastiki pamoja na watu wengine. Ningeweza kumwita mbele. Sikumwita. Zamu yake ilipofika alizungumza nami Kiarabu safi, Kiarabu cha vitabu, kama mtu asiyenijua, nami nikamgongea muhuri. Aliponiaga alisema, "Mungu akuhifadhi, binti yangu," kwa Kiarabu pia. Kesho yake getini Mawaleh alinipokea kama siku zote, akanikemea kwa kumvisha mtoto soksi mbovu. Nilijiambia kwamba ameshasahau.

Mwaka wa nne skuli ikaanza kuyumba. Mwalimu wa hesabu aliolewa, akahamia Sohar, na Mwalimu hakumpata mwengine wa kumridhisha, kwa sababu hakuna aliyemridhisha. Viyoyozi viwili vilikufa. Watoto walikuwa thelathini na kitu, wakabaki kumi na watatu. Halafu mtoto mmoja aliyetoka pale alifika darasa la kwanza la skuli ya serikali akarudishwa nyuma, mwalimu wake akisema hafahamu anachoambiwa. Habari hiyo ilizunguka kila nyumba yetu, kutoka Sib mpaka Mawaleh, kwa siku mbili. Tukaanza kupigiana simu. Tuwatoe? Tuwaache? Tumwombe abadilishe, asomeshe Kiarabu na Kiingereza, Kiswahili kiwe kipindi kimoja kwa wiki?

Mwalimu mwenyewe akaitisha mkutano. Siku tatu kabla alinishika mkono getini.

"Watakusikiliza wewe," alisema. "Wewe unafanya kazi ofisini, na mtoto wako anaandika. Sitaki unisifu. Waambie tu ulichokiona kwako."

"Nitasema, Mwalimu. Usiwe na wasiwasi."

"Sina wasiwasi. Nna viyoyozi vibovu." Akacheka.

Baina ya ahadi hiyo na mkutano kulipita jambo dogo, dogo mpaka naona haya kulitoa kama udhuru. Mume wangu alimleta Zuwena ofisini nimpeleke kwa daktari wa meno. Mtoto akasimama katikati ya ofisi, akasema kwa sauti, "Mama, nna kiu." Mwenzangu mmoja akauliza, "Huyu mnamlea huku au Zinjibar?" Wakacheka, si kwa ubaya. Nami nikacheka nao. Zuwena akanitazama, naye akacheka, bila ya kujua kinachochekwa.

Mkutano ulikuwa Alkhamisi asubuhi, darasani. Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamepanda mpaka kifuani, na watoto wenyewe waliachiwa uani wacheze. Mwalimu alisimama ubaoni. Baba mmoja mhandisi ndiye aliyeanza, na hakuwa mtu mbaya.

"Mwalimu, hatuna ugomvi nawe," alisema. "Lakini mwanangu atatafuta kazi nchi hii. Hatatafuta Forodhani."

Mama mmoja akamjibu, "Mimi mwanangu anazungumza kwa simu na bibi yake aliyebaki Pemba. Bibi analia kwa furaha. Hilo tutalipima vipi?"

"Litampitisha darasa la kwanza?"

Watu wakacheka kidogo tu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mambo yote mawili kichwani. Mwalimu aliomba mwaka mmoja. Alisema atatafuta mwalimu wa Kiarabu, hata kama hampendi. Nilihisi darasa linaanza kumwelekea. Mhandisi akanigeukia. "Na wewe dada, wako vipi? Sema kweli."

Nilitaka kusema kweli. Nilifungua kinywa na nilichokiona mbele yangu ni ile ofisi inageuka kunitazama. Nikasema, "Wangu ana miaka sita, na hajui hata kuandika jina lake kwa Kiarabu."

Sijui hata sasa sentensi ile ilitoka wapi, imekamilika namna ile. Akinyi, aliyekuwa amesimama dirishani na trei ya chai, akasema, "Samahani, mimi si mzazi hapa. Lakini huyo mtoto anajua. Mimi nimemuona akiandika, na haya macho yangu."

"Akinyi," alisema Mwalimu. "Wacha. Kamimine chai."

"Lakini Mwalimu, daftari si liko..."

"Nimesema wacha."

Sikuwahi kumsikia akimsemesha Akinyi kwa ukali wa kweli. Hakunitazama. Alichukua kifutio akaufuta ubao ambao haukuwa na kitu, akatoka nje kidogo uani, na aliporudi alisema tu kwamba ametusikia na kila mzazi afanye aonalo kheri. Nilidhani ni kiburi. Nilimkasirikia kwa kiburi kile, mimi niliyekuwa nimetoka kumsingizia mbele ya watu.

Baada ya mimi kusema, wengine watatu walisema ya kwao. Mpaka mwisho wa muhula watoto kumi walikuwa wametolewa, na skuli ikafungwa. Akinyi alipata kazi saluni.

Lakini wiki iliyofuata mkutano, kabla sijamtoa Zuwena, alirudi nyumbani na karatasi kubwa. Aliandika jina lake, la baba yake, la babu yake na la kabila, mstari mzima, kwa Kiarabu, herufi zote zimekaa sawa. "Mwalimu kanifunza jina refu," aliniambia, akinitazama sana usoni. Niliichukua kuwa ni kofi. Niliona Mwalimu ameshindwa kunijibu darasani, sasa ananijibu kupitia kwa mtoto. Niliikunja karatasi mbele ya macho yake, nikaitupa.

Zuwena alikiacha Kiswahili ndani ya mwaka mmoja. Nilimsaidia kukiacha.

Miaka kumi baadaye mama yangu alipatwa na kiharusi. Kiarabu chake chote, kidogo alichokiokota madukani na hospitali kwa umri wake mzima, kilifutika. Kiswahili kilibaki, tena kile cha utotoni. Alimwita Zuwena siku nzima, amwambie mambo, na Zuwena, msichana wa miaka kumi na sita, alikaa kitandani kwake akiitika "ehe, bibi, ehe," kisha akaja kuniuliza mimi bibi anataka nini. Siku moja nilimkuta analia. Bibi alikuwa amemsimulia kitu kirefu, akacheka mwenyewe, kisha akangoja na yeye acheke.

Niliulizia Mwalimu alipo. Nikaambiwa yuko Sib, dakika tano kutoka kwetu, kwa mpwa wake, na miaka yote hiyo nilikuwa nikipita mtaa ule. Nilikwenda Ijumaa baada ya sala, Zuwena akiwa nami. Hakutaka kushuka. Alibaki garini.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kwenye mikeka, walikaa wanawake kama wanane, Wakenya na Watanzania, wafanyakazi wa nyumba za watu waliokuwa na Ijumaa yao ya mapumziko, kila mmoja na daftari. Mwalimu alikuwa kwenye kiti, amekonda, miwani mizito. Ubaoni kulikuwa na Kiarabu. Alikuwa anawasomesha Kiarabu, yeye, ili wajue kusoma mikataba yao na wajue wanachotukaniwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alinitambua kwa sauti, nadhani, kabla ya sura. "Umekuja wakati mzuri. Wewe una Kiarabu cha ofisini. Chukua hii uwasomee."

Akanipa mkataba wa kazi wa msichana mmoja. Nikasoma kwa sauti, sharti moja baada ya jengine, na yeye akatafsiri na kuwauliza maswali, akiweka mkono nyuma ya sikio wakijibu. Nilisoma karibu saa nzima. Sikuwahi kufanya kazi ngumu kuliko ile.

Walipoondoka nilimweleza habari ya mama. Alisikiliza. "Kufundisha mtoto wa miaka kumi na sita kwa siku mbili tatu siwezi," alisema. "Lakini naweza kuja nikakaa nao wote wawili. Bibi aseme, mimi nimweleze mtoto, mtoto ajibu, mimi nimrejeshee bibi. Kesho alasiri. Saa kumi na moja nirudishwe hapa."

Nikamshukuru, nikainuka, nikakaa tena. "Mwalimu, siku ile ya mkutano nilisema uongo."

"Najua. Daftari lake nilikuwa nalo mkobani. Nililileta makusudi."

"Kwa nini hukulitoa? Akinyi alitaka kusema, ukamnyamazisha."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, polepole. "Kwa sababu mtoto alikuwa mlangoni," alisema. "Alikuja kuomba maji. Wewe ulimpa mgongo, mimi nilikuwa namwona. Alikusikia. Sasa ningelitoa lile daftari, ningemwonesha nini? Kwamba mama yake ni mwongo, mbele ya wazee wote wale? Skuli ingepona, haya. Yeye je?"

Aliendelea kuifuta miwani.

"Nikatoka nikamwambia, 'Mama anakusudia jina refu, la baba na babu na kabila, hilo kweli bado hujalijua. Jumamosi tutalisoma.' Tukalisoma. Alikuletea?"

"Aliniletea."

"Basi," alisema Mwalimu, akarudisha miwani. Hakuniuliza nilifanya nini na karatasi ile, na mimi sikumwambia. Hata pale nilificha. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akamwona Zuwena garini, akampungia mkono, na Zuwena akampungia.

Nilikaa nyuma ya usukani bila ya kuwasha gari. "Amekubali?" Zuwena aliniuliza kwa Kiarabu.

"Amekubali. Kesho." Kisha nikamuuliza kama anakumbuka mkutano mmoja skuli, zamani, yeye mlangoni anataka maji.

"Nakumbuka," alisema. "Mwalimu alitoka akaniambia ulikuwa unasema habari ya jina refu."

"Ukamwamini?"

"Hapana, mama. Nilikuwa na miaka sita, si mjinga. Lakini alikuwa amenichutamia pale uani, ananitazama kama anayeniomba kitu. Nikamwambia, 'Haya.'"

Alivuta mkanda wa kiti, akaufunga, akatazama mbele. "Twende," alisema. "Bibi yuko peke yake."